Nguo Zenu Zimetupa Joto

Tarehe 4 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mabeseni yako mazima, na kile kiti chako cha mguu mmoja mfupi bado kinakuvumilia. Sisi huku hatujambo. Baba Kibonge bado yuko pale kwenye tanuri la mikate, anarudi na unga masikioni, na mimi nimepata kazi ya kuuza mikate dirishani asubuhi. Kibonge mwenyewe ameota jino. Juzi alining'ata wakati ananyonya nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto, naye akacheka. Nikasema huyu kaurithi ukoo wa shangazi, hawa huuma kwanza halafu ndio wanacheka.

Shangazi, habari za tauni zimefika. Wanasema mtaa wenu umefungwa, kamba na mapipa kila upande, hatoki mtu wala haingii mtu. Niliposikia nilivaa viatu nije. Baba Kibonge akaniuliza, "Unaenda na nani mgongoni?" Nikavua viatu, nikakaa chini.

Sasa nikikaa tu nitalia, na wewe unajua mimi kukaa siwezi, ndio maana uliniita Kiherehere. Kwa hiyo nimechukua tenga la mikate nimepita nyumba kwa nyumba kuomba nguo na mablanketi kwa ajili ya watu wa mtaa wenu. Maana baridi inakuja, na mtu aliyefungiwa ndani hana kazi, asiye na kazi hana kitu. Watu wametoa, shangazi. Mwalimu mkuu ametoa koti lake la kijivu, lile la siku za wageni. Muuza samaki ametoa magauni matatu, yananuka kidogo, utasamehe. Mwenye nyumba wetu ametoa soksi moja. Nikamwuliza, "Baba, na ya pili?" Akasema, "Nikiipata nitaileta, msinikimbize."

Nimezifua zote na kuzikunja ulivyonifundisha, mikono ndani, kola juu. Kuna dereva wa lori, wanamwita Polepole, ndiye anayeshusha mizigo pale kwenye mapipa. Amekubali kuzileta pamoja na barua.

Niambie unakula nini. Na niambie kweli.

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 29 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa lakini imefika. Mimi mzima. Kiti nacho kizima, juzi kilinimwaga mbele za watu, nikajifanya nimeamua kukaa chini.

Mpe Kibonge busu la shangazi kwenye hilo jino. Mwambie baba yake aoshe masikio.

Mzigo wenu uliletwa. Niliona koti la mwalimu kwa mbali nikajua ni la mtu anayejiheshimu, maana kola haikuwa na mafuta. Watu walitoka milangoni kutazama. Wafikishie shukrani waliotoa, mmoja mmoja, hata yule wa soksi. Waambie nguo zenu zimetupa joto.

Huku kazi hakuna. Hakuna anayempa dobi nguo siku hizi, na wenye nguo wengine hawapo tena. Chumba cha mwisho pale kwetu alihamia mpangaji mpya, mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Alikuja kukiwa tayari kumeshachafuka, hatukupata hata kuulizana majina. Wiki iliyopita walimchukua kumpeleka banda la wagonjwa. Mtoto akaachwa kitandani. Mimi nikamchukua. Sikujua anaitwa nani, nikamwita Mgeni. Ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa. Anakunywa maji ya uji, ukiyapata. Halii sana. Ningependa alie zaidi.

Kama mtatoa tena kitu, naomba kiwe kitu cha bati. Chochote cha bati.

Karatasi inanuka moshi, usishangae. Kila kinachotoka huku wanakipitisha moshini kwanza.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma dirishani, wateja wakasubiri mikate. Nimeisoma tena nyumbani, nikamsomea Kibonge, akaila kona moja. Sote wazima. Jino la pili linachungulia.

Nimepita kwa wote waliotoa, nikawaambia neno lako: nguo zenu zimetupa joto. Shangazi, ungewaona. Muuza samaki alijifuta macho kwa mkono wenye magamba, akabaki na magamba shavuni mpaka jioni. Mwalimu mkuu alisema, "Basi lile koti limepata kazi bora kuliko niliyokuwa nayo mimi." Hata mwenye nyumba ameleta soksi ya pili. Haifanani na ya kwanza lakini ameileta. Neno lako hilo limefungua makabati ambayo hayajafunguliwa miaka. Sasa nina mzigo mkubwa kuliko ule, mablanketi matupu. Polepole amenuna, anasema lori lake si kabati.

Kuhusu kitu cha bati, nilicheka. Nilijua tu lile beseni lako kubwa litatoboka siku moja, ulivyokuwa unalikokota kwenye saruji. Nimekununulia jipya, limo katikati ya mablanketi lisibonyee.

Na huyu Mgeni. Shangazi, nimeshindwa kulala kwa ajili yake. Mimi maziwa yananijaa mpaka blauzi inalowa nikiwa dirishani, najiziba kwa mkate nisionekane. Kibonge ananyonya anasinzia, yanabaki, nayakamulia kwenye sinki. Nayaangalia yanavyoenda na maji. Nafikiria, laiti kungekuwa na bomba kutoka hapa hadi kwako.

Nimemwekea Mgeni shali ya Kibonge, ile ya manjano uliyomfumia wewe, ambayo sufu ilikuishia ukamalizia kona kwa buluu. Kibonge ni mnene, ana joto lake mwenyewe. Mvishe Mgeni, umwambie ana ndugu huku.

Mambo yatakuwa sawa, shangazi. Naona watu walivyo na moyo, naamini yatakuwa sawa.

Kiherehere wako


Tarehe 1 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo kiasi.

Beseni limefika, limebonyea kidogo upande mmoja kama mimi. Halivuji. Namwogeshea Mgeni. Ni la kwanza kupita, askari walilimwagia maji ya moto wakanipa.

Mablanketi tumeyaona. Shali nimeitambua kwa ile kona ya buluu.

Mgeni amepungua. Ukimnyanyua mkono wako unapaa, kwa sababu ulijiandaa kwa uzito ambao haupo. Mama yake hajarudi wala hakuna anayejibu nikiuliza.

Wafikishie shukrani. Nilikuwa na mengi ila mwanga umeisha.

Shangazi


Tarehe 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kibonge mzima, baba yake mzima, jino la pili limetoka. Nimezitanguliza hizo salamu kwa sababu ulinilea nisianze na maneno makali, lakini leo zimenitoka kwa shida.

Jana nilimwuliza Polepole, watu wanapendezaje na zile nguo? Nilitaka tu kupata habari ya kuwapelekea waliotoa. Akazima injini. Akasema, "Dada, hujui?" Nikasema sijui nini. Akasema, "Mimi nashusha tu. Askari wanazichukua kwa miti mirefu, wanazimwagia mafuta ya taa, wanawasha. Hawaingizi nguo. Wanasema viroboto wa panya hukaa kwenye nguo, hata zikifuliwa." Nikamwuliza, tangu lini? Akasema tangu mzigo wa kwanza. Akasema watu wa mtaa walitoka milangoni wakasimama mbali, watoto wakanyoosha viganja kwenye moto.

Nguo zenu zimetupa joto.

Shangazi, kwa nini? Ungeniandikia mstari mmoja tu. Mimi nilirudi kwa watu wale wale nikachukua mablanketi yao. Na wakati wote ule ningeweza kuwa naomba maziwa ya kopo. Sasa ndio nimeelewa. Kitu cha bati. Kopo ni bati, linapita. Na mimi nikanunua beseni. Mtoto anataka maziwa, mimi nimemletea pa kuogea.

Leo nimepita na tenga upya. Milango imechoka, shangazi. Muuza samaki akasema, "Nimebaki na hii niliyovaa, unataka na hii?" Mke wa mwalimu akachungulia, akasema, "Tumeshatoa. Mwambie shangazi yako ajifunike, alale." Ningemwambia nini? Ningemwambia koti la mumewe ni majivu? Nikasema, "Asante, mama." Nikaondoka. Njiani nikajigundua nimekuwa dobi na mimi. Ulikuwa ukisema dobi hasemi alichokiona kwenye nguo ya mtu. Akiona damu anafua, akiona barua ya mapenzi mfukoni anairudisha ilipokuwa, anakunja, anakabidhi, anasema "tayari". Nilidhani ni maneno ya kazi. Kumbe ndivyo ulivyo mpaka kwenye barua.

Mwenye tanuri ana makopo ya maziwa ya unga, yale ya kuchanganyia mikate ya sukari. Nimemwomba kopo moja. Ameniangalia kama nimemwomba jino. Kesho nitamwomba tena.

Na shali pia walichoma? Usinijibu hilo.

Mwanao


Tarehe 12 Mei

Shangazi,

Naandika haraka, Polepole anapiga honi. Mwenye tanuri amekubali kopo moja, nami nitamfagilia tanuri jioni mpaka atakaporidhika. Hili hapa. Kijiko kimoja cha kusawazisha kwa kisu, maji yaliyochemka yakapoa. Mpe kidogo kidogo, tumbo lake limesahau.

Nisamehe kwa barua ya juzi. Zikifika pamoja, soma hii kwanza.

Kiherehere


Tarehe 25 Mei

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba, na tena marahaba. Barua zimefika pamoja. Nilisoma ile kali kwanza kwa sababu ilikuwa juu.

Umenikumbusha maneno ya dobi. Ni kweli ndivyo nilivyo. Ulipokuwa mdogo ulinifulia gauni langu jeupe pamoja na kitambaa chekundu, likatoka la waridi. Ulisimama nalo mlangoni, umelikunja vizuri, kola juu. Nilisema "tayari", nikalivaa hivyo hivyo mpaka likachanika. Mtu akikuletea kitu kwa mikono miwili huangalii doa. Uliandika kwamba umezikunja ulivyofundishwa. Nikaona ule moto, nikakaa na kalamu. Nilitafuta neno ambalo si uwongo, nikalipata lile. Watoto walinyoosha viganja kweli. Niliona ni neno zuri. Sikujua litakurudisha milangoni kwa watu.

Nikaomba bati. Nilidhani utaelewa. Dobi akiomba bati analetewa beseni, ningejua mimi.

Kopo limefika salama. Walilimwagia maji ya moto, karatasi yake ikabanduka, lakini ndani kukavu.

Huku kumepoa kidogo. Wanasema panya waliokufa hawaonekani tena kwenye mitaro. Kuna askari mmoja mnene hapa kwenye mapipa, amenunuliwa viatu vipya, anatembea kama anakanyaga mayai. Mgeni amelala. Mimi naendelea kufua vitu vyangu mwenyewe ili mikono isisahau.

Usimfagilie mtu tanuri na mtoto mgongoni, vumbi litamkaa kifuani.

Shangazi yako


Tarehe 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Kibonge anasimama akishika kiti, halafu anasahau kwamba anajua kusimama, anaanguka.

Barua yako nimeisoma. Zamani nilikuwa nazisoma nikicheka. Sasa nazisoma kama nachambua mchele, natafuta jiwe. Nimepita juu ya askari na viatu vyake, juu ya panya, nikafika pale ulipoandika "Mgeni amelala", katikati, kama soksi iliyofichwa ndani ya shati.

Hukuandika kama alikunywa maziwa. Umeandika kopo lilifika, umeandika hata karatasi yake ilivyobanduka. Hukuandika alikunywa.

Baba Kibonge anasema namtafuta mchawi kwenye barua, amelala maana yake amelala, watoto hulala. Labda ni kweli. Naomba iwe kweli. Nimekaa na barua yako mapajani na Kibonge amelala hapa pembeni, nikamwekea kidole puani kuona kama anapumua. Anapumua.

Shangazi, amelala vipi?

Mwanao


Tarehe 21 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Ulivyosoma ndivyo. Alilala kabla kopo halijafika. Halikuchelewa sana. Sikutaka kukuandikia hilo, na sasa nimekuandikia.

Haikuwa tauni. Walikuja wakamwangalia, wakasema hana tauni, wakaandika hivyo na kuondoka kama watu walioniletea habari njema. Maji ya uji hayamkuzi mtoto, basi. Asubuhi alinishika kidole, akakishika vizuri, nikafurahi, nikasema leo ana nguvu. Nilikwenda kuteka maji kwa lile beseni. Niliporudi alikuwa ameachia.

Maziwa yako nimeyagawa kwa watoto wa uani. Wameyalamba mpaka wakanirudishia kopo linang'aa. Kuna kasichana kamoja kamenona mashavu. Sisemi hivyo ili kukupoza. Nasema kwa sababu kamenona kweli, na umeniomba niseme kweli.

Uliniuliza kuhusu shali halafu ukaniambia nisijibu. Nikakaa kimya kwa sababu ukianza hadithi ya shali huwezi kuimaliza bila Mgeni. Sasa nitakusimulia. Siku walipochoma mablanketi, mti ulipoinua ile kona ya buluu nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Yule askari mnene akaniuliza, "Mama vipi, ni ya nani?" Nikasema ni yangu, nimeifuma kwa mikono hii. Akasema nguo haiingii. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni dobi. Nipe pipa, nipe moto, nitaichemsha hapa hapa mbele yako mpaka wewe mwenyewe uchoke." Akatazama pembeni, akaitupa ndani ya pipa. Niliichemsha mpaka maji yakawa ya manjano. Unajua sufu ikichemshwa inavyofanya, hujikunja kama mtu aliyeona aibu. Shali iliyomfunika Kibonge na unono wake wote ilitoka ndogo kama kitambaa cha mezani. Ilimtosha Mgeni sawasawa, kama nilimpima. Alilala ndani yake kila siku, na akalala ndani yake. Waliponiambia niitoe, yule askari akasema, "Mwacheni nayo." Wakamwacha nayo.

Kwa hiyo kulikuwa na nguo moja iliyotoa joto kama nguo. Wengine usiwaambie kitu. Koti la mwalimu acha liendelee na kazi yake.

Wanasema mapipa yataondolewa. Walisema hivyo mwezi uliopita pia. Yakiondolewa usinifuate na mtoto, nitakuja mimi.

Ombi langu ni moja, nalo si la bati. Neno "kulala" limeniharibikia. Jirani akisema mwanawe amelala, mimi nasimama. Tangu leo, baina yangu na wewe, mtoto aliye hai tumwandikie amesinzia.

Shangazi yako


Tarehe 30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako nje, karibu na bomba la maji. Muuza samaki alipita akaniuliza, "Vipi huko, nguo bado zinawapa joto?" Nikasema, "Zinawapa, mama." Akaenda zake anatabasamu.

Nimefagia tanuri tena, nimepata kopo jingine. Polepole atalileta Ijumaa. Ni la kale kasichana ulikokataja. Sijui kama litawahi kitu. Nimelipeleka tu, maana kukaa siwezi, unanijua.

Hapa ni mchana, mikate imekwisha, nimefunga dirisha. Baba Kibonge amekwenda kuosha masikio. Maziwa bado yananijaa, shangazi, bado nayakamulia kwenye sinki, na kila mara nikifungua maji nageuza uso.

Nimemlaza mtoto kifuani naandika kwa mkono mmoja, ndio maana mwandiko umepinda. Mdomo umeachama, jino la tatu linaonekana. Anakoroma kama babu. Nimemshika mguu, una joto.

Kibonge amesinzia.

Mwanao